Mzabibu wa Ndahani

Hospitali ile haikumtoza mgonjwa hata senti. Iliendeshwa kwa mashamba yake ya zabibu, na kila aliyefia humo alizikwa na mche kifuani. Ndugu zake walipewa mkasi wa kupogolea.

Nyemo hakuthubutu kumkata mumewe, Ndahani. Kila msimu aliyapapasa tu yale majani yenye joto la mwili, akarudi nyumbani. Mzabibu wa Ndahani ukatambaa, usizae hata kichala.

“Usiopogolewa hauzai, mama,” bwana shamba alimwambia, akiushika shina. “Na usiozaa tunaung’oa. Wagonjwa tutawatibu kwa fedha gani?”

Akaung’oa, akamkabidhi shina lile, likiwa bado na joto.

Nyemo akapitia kwenye mche mchanga wa binti yao aliyemfuata baba yake kaburini, akafungua mkasi.

“Vumilia, mwanangu,” akasema, akaanza kukata.