Mradi wa Duka

Rafu zilikuwa tupu tangu mwaka wa themanini na saba, lakini yule binti alizipima zote, hata ile iliyoliwa na mchwa. Alivuta tepu, akaandika, akavuta tena.

"Hapa palikaa nini, baba?"

"Hapo?" Luhaga alisema. "Hapo zilikaa ahadi."

Binti alicheka. Jina lake Apolonia, alikuwa ametokea Mwanza kwa basi, na suruali yake ilishazungumzwa kijiji kizima. Kwa mwenyekiti, Maganga, alitoa barua ya Kiingereza yenye muhuri wa bluu. Maganga Kiingereza hakijui, ila muhuri anaujua. "Nina mradi wa duka," binti akamwambia, "naomba nilitumie hili lenu la ushirika." Maganga aliposikia neno mradi alimbebea kiti kwa mikono yake mwenyewe. Mradi ndio uliowachimbia majirani kisima. Mradi ndio uliojenga josho.

Luhaga hakubeba kiti. Alikuwa muuzaji humo miaka kumi na mmoja, mpaka wakubwa wa chama cha ushirika walipogawana mali, huyu turubai, yule mizani, yeye wakamwachia ufunguo. Mkewe Eufrasia alifariki mwaka huohuo. Katika homa yake bado alikuwa anauliza kama sabuni imeletwa. Siku hizi sabuni zimejaa Bariadi mjini, za kila rangi, soko huria. Wa kumpelekea ndiye hayupo. Kwa hiyo ukimtajia Luhaga viongozi, hutema mate kwanza, kisha ndipo hujibu.

Lakini binti huyu aliuliza mambo ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kumwuliza. Mama akija na mzigo kichwani, anautua wapi? Luhaga akajikuta anajibu. Sukari iwe mbali na sabuni, inashika harufu. Mafuta ya taa yakae nyuma, chini kabisa, debe halikosi kuvuja. Khanga zitundikwe juu ya mlango ili mwanamke azione akiwa bado njiani. Kaunta imfike mtu tumboni. Ikizidi hapo watoto hawaonekani, ikipungua walevi wanaikalia.

"Na muuzaji?"

"Muuzaji anasimama hapa." Akaenda kusimama pale. Mgongo ukanyooka wenyewe.

"Usitikisike, baba. Nakuchora."

"Mzee kama mimi wa nini? Si mna watu wenu huko mjini?"

"Nakuweka wewe. Bila wewe hili si duka, ni banda."

Luhaga alikohoa kidogo, akauliza itakuwa lini.

"Mwezi wa sita lazima mradi uwe tayari. Wakubwa wanaupitia mwezi wa sita. Wakiukubali, nimepona. Wakiukataa, mwenzenu naanza upya."

"Wakubwa," Luhaga akasema. "Waogope hao, mayu, mama yangu."

"Nawaogopa, baba. Hata chakula hakipiti."

Hapo ndipo alipomwamini.

Wiki mbili baadaye akaja Kasmiri na pikapu yake, mnunuzi binafsi wa pamba. Alitaka jengo liwe ghala na kituo cha kununulia. Paa angeliezeka upya, na Luhaga angekuwa mtu wake wa mizani. Kama hawataki, waseme tu, mizani inakwenda Nkololo.

Mkutano ukaitwa. Maganga, kama kawaida ya viongozi wetu, uzito ulipofika kwake akausukuma. "Mwenye ufunguo ni mzee Luhaga. Aseme yeye."

Luhaga akasimama. "Duka linarudi. Limeshapimwa, rafu kwa rafu, mimi mwenyewe nilishika ncha ya tepu. Tukijaza pamba humu, mradi ukija tutauweka wapi? Kichwani kwa Maganga?"

Watu wakacheka, wanawake wakapiga vigelegele. Kasmiri akawasha pikapu. "Haya wazee wangu, kaeni na hewa yenu," akasema, akashika njia ya Nkololo.

Mwezi wa sita ukaja, ukaisha. Pamba ikavunwa, na kila nyumba ikafunga ng'ombe kwenye mkokoteni kuipeleka Nkololo, alfajiri kwenda, jioni kurudi, wengine wakivunjikiwa magurudumu katikati ya njia. Wale wale wa vigelegele walipita mbele ya duka bila hata kumsalimia Luhaga kwa mwadila. Yeye alifagia kila asubuhi. Alifuta kaunta. Mchwa aliwamwagia mafuta ya taa aliyonunua mwenyewe.

Mwezi wa nane basi likateremsha karatasi ndefu iliyoviringishwa, juu yake jina la Luhaga. Ndani kulikuwa na kikaratasi: *Baba Luhaga, mradi umepita! Ahsante sana. Wako, Apolonia.*

Mzee yule alikimbia. Miaka mingi hakuna aliyekuwa amemwona akikimbia. Kufika saa sita duka lilikuwa limejaa watu, na Maganga alikuwa mbele yao kama vile jambo lile alilileta yeye. Wakaikunjua karatasi juu ya kaunta. Lilikuwa duka lao, lenye rangi zote. Khanga juu ya mlango. Mama anatua mzigo. Sabuni zimepangwa mpaka darini, na nyuma ya kaunta yuko Luhaga, mgongo umenyooka.

Jirani yake Kabula alinyoosha kidole, akaigusa sabuni moja.

Pembeni kulikuwa na maneno ya Kiingereza kwa wino mwekundu. Wakamwita Mwalimu Danford wa shule ya msingi awasomee ujenzi unaanza lini.

Mwalimu alisoma kimya kwanza. Akamtazama Luhaga, akarudi kwenye karatasi, kisha akatafsiri polepole:

"'Apolonia, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Zoezi la tatu: kubuni duka. Sitini na nane kwa mia. Ondoa kaunta, pamoja na huyo mzee aliye nyuma yake. Siku hizi mteja anajihudumia mwenyewe.'"