Aliyeifunga Vali

Bomba la plastiki lilikuwa limepinda kama mshumaa ulioachwa juani. Wade Tierney, fundi wa mabwawa ya kuogelea, alilipapasa. Bomba la bwawa halipindi hivyo ila maji yamesimama ndani yake mpaka yakachemka.

Akafungua kifuniko cha mashine ya kupashia maji. Feni ilizunguka vizuri alipoisukuma kwa kidole. Kisha akapima kompresa, injini ya mashine, na mita ikalia. Koili zimeungua, umeme unavujia kwenye chuma. Hapo hakuna cha kutengeneza. Ni kubadilisha mashine nzima.

"Imekufa?" Robyn Prowse aliuliza nyuma yake, mikono ndani ya koti zito. Asubuhi ile ya Julai, katikati ya kipupwe cha Australia, umande ulikuwa umeganda juu ya majani, ndiyo Toowoomba hiyo. Katika bwawa hili la nyuma ya nyumba Robyn alifundisha watoto wadogo kuogelea, na sasa ilikuwa siku ya tisa hajaja mtoto hata mmoja.

"Imekufa. Ilikuwa ikiwaka bila maji kupita ndani."

"Kwa sababu vali ya maji ilifungwa. Niliikuta imekazwa kabisa." Robyn akamgeukia baba yake, aliyeketi barazani na kikombe cha chai. "Baba, uliifunga au hukuifunga?"

Mzee Merv, mwenye miaka themanini na mmoja, akakuna kidevu. "Labda niliifunga, mwanangu. Sikumbuki."

"Hukumbuki! Juzi umeunguza sufuria. Mwezi uliopita maji ya bafuni yamefurika mpaka sebuleni." Robyn akamsogelea Wade, akasema polepole, "Nilimwahidi mama siku anakata roho kwamba baba hatakwenda makao ya wazee. Lakini hapa wanakuja watoto wa watu, Wade. Iko siku atasahau geti la bwawa wazi. Jumatatu nampeleka. Angalau anapajua, huenda kucheza karata na wenzake kila Jumatano."

Wade alijifanya anatafuta bisibisi.

Ndani ya mashine ya aina ile mna swichi ndogo inayohisi maji. Maji yakikoma, swichi inazima kila kitu, na vali ifungwe na yeyote, mashine haidhuriki. Swichi ya mashine hii ilikuwa imeharibika miaka miwili nyuma. Wade alikuja Ijumaa jioni, hana swichi nyingine garini, na wateja wanampigia simu. Akaunganisha nyaya mbili za swichi moja kwa moja, ili mashine idhani maji yanapita siku zote. Nitarudi wiki ijayo, alijiambia. Hakurudi. Na sasa nyaya zenyewe zilikuwa mbele ya macho yake, zimezungushiwa utepe mwekundu alioukata kwa meno yake mwenyewe.

Akaubandua ule utepe, akautia mfukoni.

Siku tatu hakula vizuri. Mkewe alimuuliza kama anaumwa, akasema ni baridi.

Jumatatu akaja na mashine mpya. Akasawazisha kitako chake, akabadilisha mabomba, akaunganisha umeme, na swichi ya kuhisi maji akaiweka kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ilipoanza kunguruma, aliifunga vali kwa makusudi ili aijaribu. Mashine ikazimika papo hapo, kimya, kama mtoto mtiifu. Wade alisimama akiitazama.

Barazani palikuwa na sanduku, limeshafungwa kamba. Mzee Merv aliketi kando yake, amevaa tai.

"Wewe ndiye uliyekuja ile Ijumaa ya mvua ya mawe," mzee alisema. "Kioo cha gari lako kikapasuka upande wa kushoto. Ulitukana sana."

"Ndiye mimi, mzee."

Robyn alikuwa jikoni anawapigia simu wazazi wa wanafunzi wake, anacheka na kupenga kamasi kwa wakati mmoja. Wade akamtazama kupitia dirishani, akalitazama sanduku. Akashindwa kuvumilia. Akapiga goti kando ya kiti cha mzee.

"Mzee Merv, nisikilize. Kosa si lako, ni langu. Swichi ya usalama niliiondoa kazini mimi. Ingekuwa nzima, hata ungeifunga vali mara mia, mashine isingeungua. Nakwenda kumwambia binti yako sasa hivi. Leseni waichukue wakitaka. Siwezi kukuacha upelekwe kule kwa uzembe wangu."

Akainuka. Mkono wa mzee ukamdaka kiwiko, mkono wenye nguvu asizozitarajia, ukamrudisha chini.

"Thubutu!" Mzee alinong'ona, jicho liko kwenye mlango wa jikoni. "Vali nimeifunga mimi, na akili zangu timamu. Nilidhani mashine itazima tu; hiyo ya kuungua ni yako, dhambi tutagawana. Sufuria ni mimi. Bafu ni mimi. Geti la watoto sijaligusa hata siku moja, mimi si mwendawazimu. Mwaka mzima nafanya kazi hii, kijana, halafu uje uniharibie leo?"

"Lakini kwa nini, mzee?"

"Nimwambieje, na bado anamlilia mama yake kila Jumapili?" Mzee akanyoosha tai yake, akateremsha sauti zaidi. "Kule makaoni yuko Dulcie, chumba cha kumi na nne, na amekubali nimuoe."