Ekzosi Imeiva

Kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani, pikipiki ilitoa sauti iliyomsisimua seremala mpaka nywele za shingoni zikamsimama. Ekzosi mpya ilikuwa imeiva.

Ya zamani ilioza ikatoboka, na hii ilianza kwa kulia kama nyigu ndani ya chupa. "Bado mbichi hiyo, mzee," fundi alimwambia. "Ipe moto, iungue vizuri ndani. Sauti itashuka yenyewe." Basi akawa anapita njia ndefu kutoka kazini, bila haraka, maana nyumbani hakukuwa na wa kumuuliza alikuwa wapi.

Sasa ilikuwa sauti ile ile: nzito, ya kifuani, yenye kikohozi kidogo akiachia mafuta. Enzi za uhai wake, mkewe aliisikia kuanzia hapo konani, akatupa alichoshika na kukimbilia geti, kandambili zikipiga sakafu pa, pa, pa. Seremala hakuwahi kulikuta limefungwa.

"Unajitangaza kama mfalme," mkewe alizoea kumtania. "Nani atakaa ndani?"

Seremala akatabasamu, akakata kona, akanyoosha kama alivyozoea, bila kugusa breki.

Gurudumu likagonga geti. Mtaa mzima ukasikia kishindo.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Shemeji! Pole jamani! Hukuona geti limefungwa?"

Seremala alivuta mafuta, akaingurumisha mara moja tena, kisha akatega sikio.