Betri Mbili

Kidole cha bibi kilikuwa bado kwenye swichi ya bembea yangu.

Niliunda bembea hiyo ndogo ya kuzunguka kwa karatasi ngumu ya manila na gundi kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni. Mota ndogo iliizungusha, na taa nane ziliwaka ukingoni. Tangu bibi ashindwe kuinuka kitandani, alitaka ikae karibu na mto wake.

"Iwashe tena, mjukuu wangu. Ikizunguka nasahau maumivu."

Jana alinichosha. "Bibi, utanimalizia betri, na maonyesho ni kesho!" Alipofumba macho nilizichomoa kimyakimya, nikazitia kwenye mfuko wa sketi ya shule. Sikumwambia, maana angenibembeleza.

Asubuhi nilikuja kuichukua bembea nikiwa nimeshavaa sare. Mama alikuwa amenitangulia. Alikuwa amemfunika bibi shuka hadi usoni, ila mkono ule wa kwenye swichi hakuugusa.

"Hata betri kazimaliza," mama alisema huku akijifuta machozi. "Afadhali. Angalau hakuwa gizani."

Niliitazama swichi. Ilikuwa imesukumwa hadi mwisho, kwa nguvu, mpaka manila imechanika.

Nikaingiza mkono mfukoni. Betri zilikuwa na joto la mwili wangu.