Kivuli cha Mjohoro

Majani ya mjohoro yalikuwa yakidondokea ndani ya beseni la samaki, na masika yalikuwa bado hayajaisha. Wankyo aliyaokota moja moja. Juu ya kichwa chake jua lilikuwa limeshapata pa kupenya.

Miaka sita aliuza sato chini ya mti ule, kando ya barabara ya kwenda sokoni Musoma. Kivulini, sato aliyevuliwa alfajiri alifika saa nane mchana macho yake yakiwa bado yanang'aa. Juani, saa nne tu wateja walianza kunusa na kupita. Wanawake tisa waliuza pale, na hakuna aliyewahi kudaiwa chochote kwa kukaa.

"Tuumwagilie, labda una kiu," alisema Mama Scholastika, muuza parachichi, mkubwa wao kwa umri. Akawa anakuja na ndoo ya maji kila asubuhi, anaimwaga shinani, ndipo anapanga parachichi zake.

Mti ukazidi kukauka. Wankyo akamleta shemeji yake Felisiani, bwana shamba kule Suguti. Felisiani alichimba kidogo, akaonja udongo kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi," alisema. "Kuna mtu anauua mti huu."

Wote waligeukia duka lililokuwa nyuma yao. Masanja, mtu wa Bunda, aliuza humo dawa za mifugo na mifuko ya chumvi ya ng'ombe. Na mwaka jana alilalamika mbele yao kwamba matawi yanaficha kibao cha duka lake.

"Nililalamika, ndiyo," Masanja alisema akiwa mlangoni. "Ila mchana mimi mwenyewe nakaaga hapohapo kula. Niuue mti ili nipate nini?"

Wankyo ndiye aliyeanza kumwita muuaji, kwa sauti, kila mteja alipokaribia duka. Wenzake wakafuata. Wafugaji wakahamia maduka mengine. Mwezi wa nane Masanja alipakia vitu vyake kwenye kirikuu, mkewe akiwa na mtoto mgongoni, wakarudi Bunda. Wankyo aliwatazama hadi gari likakata kona. Raha aliyoitegemea haikuja.

Wiki iliyofuata mti, uliokwisha kukauka, ulikatwa na watu wa halmashauri.

Walibaki juani. Siku moja Wankyo alimwaga beseni zima la sato, na jioni ile mwanawe Keraryo akala uji mtupu. Ndipo dalali mmoja, Onesmo, alipowaletea habari: ng'ambo ya barabara kuna banda jipya la bati. Meza moja, shilingi elfu mbili kwa siku.

"Elfu mbili! Kwa kivuli!" Mama Scholastika alipiga kelele kuliko wote. "Hawa watu hawana huruma kabisa." Lakini naye alichukua meza, jirani na ya Wankyo, na kila jioni walinung'unika pamoja. Siku sato walipododa, ni yeye aliyemfungia Wankyo parachichi mbili za kumpelekea mtoto.

Mwezi haujaisha, Onesmo alipita tena meza kwa meza.

"Kuanzia Jumatatu ni elfu tatu."

Wankyo aliacha kisu. "Kaka Onesmo, elfu tatu nitaitoa wapi? Si bora nikae nyumbani?"

"Dada, banda siyo langu. Mimi nakusanyaga tu, namtumia mwenyewe kwa simu. Hata sura yake siijui, na jina linalotokea nikituma silifahamu. Fundi aliyelijenga ndiye alinipa namba, tunaandikianaga meseji tu."

"Basi mpigie. Niongee naye mimi. Kama ana mtoto, atanielewa."

Onesmo alisita. Wanawake wengine walikuwa wameshasogea, wamemzunguka, wanamwambia apige. Mama Scholastika peke yake hakusogea. Alikuwa ameinama, akimchagulia mteja parachichi zilizoiva.

Onesmo alibonyeza namba, akampa simu. Wankyo alifuta magamba kwenye kanga, akaishika kwa mikono miwili, akaiweka sikioni.

Kwenye meza ya jirani, ndani ya kitenge cha Mama Scholastika, simu ikaanza kuita.