Amina ya Farasi

Siku ya nne tangu wamzike Zebedayo, farasi wake alikuwa hajatia hata unyasi mdomoni. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akamkagua ufizi, kisha akamgeukia mjane.

"Haumwi huyu, mama. Marehemu alikuwa akimlishaje?"

Felista akayatazama majani horini. Alijua. Miaka kumi na minne mumewe alikuwa akivua kofia, anaweka mkono shingoni mwa farasi, anayaombea majani kama mtu anayeombea chakula cha wageni. Farasi hainamishi kichwa mpaka asikie amina.

Daktari alipoondoka, Felista akasimama mbele ya hori. "Amina!" akasema kwa ukali. "Haya, kula."

Farasi akamtazama tu, akingoja maneno yanayotangulia.

"Mimi na Yeye hatusemezani," Felista akamwambia. "Nilimwomba siku arobaini kando ya kitanda cha mume wangu. Leo nimwombe nini tena? Nyasi?"

Miguu ya mbele ya farasi ilianza kutetemeka. Felista akaiona. Akajifunga kitambaa kichwani, akaweka mkono palepale shingoni, manyoya yalipolainishwa na kiganja cha mumewe.

"Baba," akaanza. "Baba, kwa majani haya..."

Akakwama hapo, machozi yakimdondoka horini. Farasi hakugusa kitu. Alisimama na njaa yake, masikio wima, akimngoja amalize.