Jina la Mama Mkwe

Sheria inasema jina moja, mtu mmoja aliye hai. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la bibi yake mzaa baba, basi mama mkwe akamwachia mwanangu lake: Sikudhani. Yeye alipewa alipozaliwa, baada ya ndugu zake watatu kufa; hakuna aliyedhani ataishi. Siku ya kuliachia alitia kidole kwenye mashine ya usajili huku akicheka. "Mimi nimeshazeeka, la nini?"

Leo kifua kimembana mama mkwe. Hospitali haitibu bila jina. Nimelitaja mara tatu, mara ya mwisho kwa kupiga kelele.

Muuguzi alitazama kompyuta, kisha mtoto mgongoni kwangu. "Sikudhani ni huyu, na ni mzima. Sasa dada, mgonjwa wako ni nani?"

Kwenye benchi, mama mkwe alisikia jina, akaitika kwa shida: "Abee."